Rivyu: kempa vani ya kukodi, Melbourne mpaka maziwa ya chumvi ya eneo la Mallee, Australia, mwezi wa saba

Mi na mume wangu tulikodi kempa vani Melbourne usiku tano, mwezi wa saba ndo katikati ya winta kule, na kila tuliyemwambia aliuliza mnaenda kulala porini baridi yote hiyo ya nini. Ya Ziwa Tyrrell. Liko karibu na kamji kanaitwa Sea Lake, kama kilomita 350 kutoka Melbourne, kiangazi linakauka inabaki chumvi tupu lakini winta mvua zikipiga linashika maji sentimita chache tu, na upepo ukitulia mawingu yote unayaona chini ya miguu yako. Halafu usiku sasa, nyota juu nyota chini. Hilo jina Tyrrell limetoka kwenye neno la Waboorong, wenyeji wa pale, maana yake anga, na walikuwa wajuzi wa nyota hasa. Nililia, nasema ukweli.

Gari lenyewe linaenda vizuri, otomatiki, kitanda kipana, friji haikusumbua. Tatizo hita ya nyuma, haikuwaka hata usiku mmoja, tukapiga simu tukaambiwa tuwashe injini tulale hivyo hivyo!! Jamani hapana, moshi wa injini unaua watu usingizini, huwezi kumwambia mteja hivyo wakati nje inakaribia sifuri. Duveti walitoa nene nzuri ila godoro jembamba kama mkeka, na baridi ya kwenye gari inapandia chini, kwahiyo blanketi zetu tukazitandika chini ya mgongo badala ya kujifunika, hapo ndo tukalala. Na dirisha acha wazi kidogo hata kama moyo hautaki, la sivyo vioo vinatoka jasho mpaka linadondokea kwenye mto.

Jiko ni la gesi ya kopo, butane, ambayo kwenye sifuri haitoki, alfajiri ya kwanza moto ulikuwa kama wa kiberiti na chai ikachukua karne. Kuanzia kesho yake kopo nalivalia koti juu, dakika kumi, moto unakubali.

Usiku mbili za mwisho tulikuwa Lake Crosbie, kwenye yale maziwa ya pinki ndani ya hifadhi ya taifa ya Murray-Sunset. Winta pinki imefifia, ukiitaka iliyokolea nenda mwisho wa kiangazi, ila kile kimya sijawahi kukisikia popote. Usikanyage ovyo, juu chumvi inang'aa kama sakafu, chini tope jeusi, kiatu changu kilizama mpaka kifundoni. Na saa kumi na moja jioni uwe umeshapaki maana kangaruu wanaanza kuvuka barabara.

Tulivyorudisha gari kijana wa kaunta aliandika habari ya hita kwenye fomu mbele yangu, na depozi ikarudi yote siku ya tatu. Nawapa 3 kati ya 5. Hita ikitengenezwa nakodi tena, mwezi wa saba huo huo.