Naitrasi kwenye Altezza yangu hapa Dodoma: farasi 50 za ziada, jua kali na safari za kujaza mtungi

Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo (feni ya kushindilia hewa kwenye injini) inalijua hilo kuliko dereva wake. Shinikizo la hewa huku liko chini kwa asilimia kama 12 ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa inaambulia oksijeni pungufu, na kompyuta ya gari nayo inabana petroli ili viende sambamba. Altezza yangu ni ile ya silinda sita, injini ya 1G-FE yenye VVT-i, gia sita za mkono. Kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 160. Nilipohamishiwa huku kikazi niliona wazi kwamba farasi kadhaa wameshukia Gairo.

Turbo niliipigia hesabu nikaachana nayo. Ukishanunua turbo yenyewe bado hujabadili mabomba ya ekzosi, hujatafuta intakula (kipoza hewa ya turbo), hujapanga upya kompyuta, halafu gari linaishi na lile joto kila siku hata ukienda Majengo kununua nyanya. Mimi nilitaka nguvu ya sekunde chache, siku chache za mwaka, kwenye mbio zilizoandaliwa na barabara imefungwa. Ndipo nikaingia kwenye naitrasi oksaidi.

Kwanza niondoe uongo wa kijiweni: naitrasi haiwaki. Ni gesi inayobeba oksijeni, asilimia 36 ya uzito wake, wakati hewa tunayovuta ina kama 23. Ikiingia kwenye silinda na kukutana na joto la nyuzi 300 hivi inavunjika na kuiachia ile oksijeni, na hapo unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Tena ndani ya mtungi imekaa kama maji, na ikitoka nje inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inaipoza hewa inayoingia nayo na kuifanya nzito. Wajerumani waliifunga kwenye ndege zao za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, mfumo wakauita GM-1, kwa shida ileile inayonikera mimi: juu kule hewa ni nyepesi.

Ila hiyo petroli ya ziada lazima iwepo kweli. Oksijeni ikiongezeka na petroli ikabaki ilivyo, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inatoboka. Fuatilia hadithi za "NOS imeua injini" (NOS ni jina la kampuni ya seti hizi, ila vijiweni gesi yenyewe ndiyo inaitwa hivyo) uone ngapi zinaishia hapo.

Seti niliyonunua ni ya NOS, mtumba kutoka Marekani, mtungi wa bluu wa kilo 4.5, ya aina inayopuliza gesi na petroli kwa pamoja kupitia nozo moja. Jeti zake, yaani vipande vyenye tundu la kupimia gesi na petroli, zinakupa farasi 50, 75 au 100 kutegemea tundu. Mtungi ulisafiri mtupu, na ndivyo inavyotakiwa, maana gesi iliyoshindiliwa haipandi ndege kama mzigo wa kawaida. Ilinitoka zaidi ya milioni mbili mpaka inafika mlangoni, na bado muuzaji hakuweka geji ya presha, eti "siyo lazima". Ni lazima. Nitaeleza.

Fundi wangu yuko Kizota, na alikataa kata kata kufungua boksi siku ya kwanza. Alitaka kupima kompresheni ya silinda zote sita, moja moja. "Bosi, hii gesi haitibu injini," akaniambia akiwa amelala nusu juu ya boneti. "Kama ina ugonjwa, itakutangazia mbele za watu." Silinda zilikuwa sawa, zikitofautiana kidogo tu. Pampu ya mafuta haikuwa sawa. Ilikuwa ile ya tangu gari linatoka Japani, imechoka, na petroli ya ziada ndiyo inategemea hiyo pampu. Tukabadili, tukabadili na chujio la mafuta, tukasafisha throto (mlango wa hewa ya injini) iliyojaa vumbi la Dodoma. Na nikiri ukweli ambao wauzaji wa hizi seti hawatakuambia: gari lilirudisha uchangamfu mwingi kwa kazi hiyo peke yake, kabla hata ya gesi.

Baada ya hapo zikaja plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazopoteza joto haraka (kwa plagi za kampuni ya NGK namba ikipanda ndiyo baridi inaongezeka, usichanganye), na kompyuta ndogo ya pembeni inayochelewesha moto wa plagi kwa nyuzi mbili za mzunguko wa injini gesi inapofunguka. Halafu swichi, na hapa ndipo ningemshauri mtu amwage hela. Moja iko kwenye pedeli, gesi haitoki mpaka mguu uwe chini kabisa. Nyingine inasoma mizunguko ya injini: yangu inaruhusu kuanzia 3,500 hadi 6,000 kwa dakika. Chini ya hapo hewa inakwenda polepole, petroli inatuama kwenye manifodi (mabomba ya kugawia silinda hewa), na ikishika moto hukohuko boneti linaweza kuruka. Juu ya hapo kompyuta inakata mafuta ghafla huku gesi inaendelea kumiminika, na hiyo nayo ni balaa lake. Ya tatu inakata gesi presha ya petroli ikishuka. Swichi hizi zote hazina mvuto hata kidogo. Hakuna atakayekuomba ufungue boneti ampige picha swichi. Ndizo zinazolinda injini.

Sasa jua. Gesi hii presha yake inafuata joto la mtungi, na seti zimepigiwa hesabu kwa PSI (kipimo cha presha) 900 hadi 950, yaani mtungi ukiwa kwenye nyuzi kama 30. Asubuhi ya Julai hapa Dodoma, upepo unakata masikio, mtungi ukiwa nyuzi 15 geji inasoma 650 hivi. Gesi inatoka kidogo, petroli inatoka ileile, gari linakohoa moshi mweusi na wewe unaona umetapeliwa. Njoo Novemba saa nane mchana, gari limeegeshwa juani, ndani ya buti kunachemka. Presha inapita 1,000, gesi inazidi petroli, na hapo ndipo pistoni zinapoliwa. Ukivuka nyuzi 36.4 kimiminika chenyewe hakipo tena ndani ya mtungi, hesabu ya jeti inakuwa kitabu kingine. Mtu wa Njombe anaweza kuishi na hii seti bila kuhangaika sana na joto. Wa Dodoma hawezi, na bila geji huwezi kujua uko upande gani.

Kwa hiyo mtungi wangu haulali kwenye gari. Unakaa stoo yenye hewa, umefungwa mkanda usianguke, valvu imefungwa. Siku ya mbio ukipata moto naufunika kitenge kilicholowa maji na kusubiri geji ishuke. Ukiwa wa baridi navisha blanketi la umeme lenye kujizima. Kijana mmoja pale gereji aliwahi kuja na tochi ya gesi, ile ya kuunguzia rangi, asaidie kupasha. Fundi alimtimua kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Mtungi ni wa alumini. Moto unaudhoofisha, na ukishadhoofika hauonyeshi. Kuna kidiski cha usalama kinachopasuka kwenye PSI 3,000 hivi na kumwaga gesi yote, ndiyo maana tumekifungia bomba la kutokea nje ya gari. Gesi hiyo ikimwagika ndani vioo vimefungwa, inachukua nafasi ya hewa na wewe unalala usingizi mbaya. Wanaoivuta kwa makusudi ili wacheke wajue inaharibu kazi ya vitamini B12 mwilini, na mishipa ya fahamu ndiyo inayolipa.

Ulazaji wa mtungi nao una maana yake: valvu inaangalia mbele, lebo juu, ili mrija wa ndani ufike nyuma chini, kule kimiminika kinakokimbilia gari linapochomoka.

Inaendeshwaje? Unafungua valvu, unabonyeza kitufe cha kupuliza, wingu jeupe linatoka kwenye kipua pembeni ya kioo cha mbele na bomba linaganda barafu huku watu wamevaa fulana. Vijana wanapiga kelele. Kazi ya wingu ni kutoa mvuke kwenye bomba ili kimiminika kifike, shoo ni nyongeza. Gia ya tatu, mguu chini, mshale ukigusa 3,500 unasikia mgongo unazama kwenye kiti na sauti ya injini inabadilika, inakuwa nzito. Hakuna mlipuko wa sinema. Gari linavuta tu kama lina injini kubwa kuliko ile uliyoizoea, mpaka 6,000, kisha linarudi kuwa Altezza. Macho yangu muda wote yako kwenye geji ya mchanganyiko, inayoonyesha uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa petroli: nataka isome kati ya 11.5 na 12. Ikianza kupanda kuelekea 13 naachia mguu bila mjadala.

Tukimaliza, plagi zinatolewa. Fundi anazigeuza moja moja chini ya mwanga wa simu, anatafuta vidoti vidogo vinavyong'aa juu ya ile kauri nyeupe. Vikiwepo ni alumini ya pistoni. Mpaka sasa ameona rangi ya biskuti tu, na ndiyo tunayoitaka.

Kinachonichosha ni kujaza. Dodoma sijapata pa kujaza kwa ajili ya gari, kwa hiyo mtungi unakwenda Dar. Jeti ya farasi 50 inakula kama gramu 225 kwa sekunde kumi, maana yake kilo 4.5 ni dakika tatu na kidogo za furaha. Kivitendo ni pungufu, kwa sababu mtungi ukikaribia kuisha presha inashuka na nguvu inapotea. Dakika tatu kwa safari ya kilomita 450 kwenda, na 450 kurudi! Nikiujaza natoka Dar alfajiri, nipite Morogoro kabla jua halijawaka. Unajazwa kwa mizani, mtupu kwanza kisha uliojaa, na ukizidi uzito ulioandikwa kwenye lebo mwambie apunguze, usione aibu. Mtungi uliojaa usiupakie kwenye basi la abiria. Na usimfuate mtu wa hospitali akuuzie kwa mlango wa nyuma. Ile ni ya mgonjwa aliye mezani.

Wapo wanaonishawishi twende barabara ya mzunguko wa nje usiku, "pamenyooka, hamna mtu". Watu wapo, wanavuka na ng'ombe, na malori hayana taa. Nikisafiri kawaida valvu imefungwa na swichi kuu imezimwa, sina haja ya farasi 50 kwenye vibao vya 50 pale Kibaigwa. Bima kubwa nayo, mwambie wakala umefunga nini kabla hujalipia. Wangu alikuna kichwa, akaongeza bei, lakini imeandikwa kwenye fomu.

Kama hujapata pa kukimbilia kihalali, au injini inakula oili, pesa hiyo ipeleke kwenye pampu, plagi na shokomzoba, utalipenda gari lako zaidi. Mwenye injini nzima, fundi mkaidi na uvumilivu wa kufuata geji, seti hii naipa nne kati ya tano. Huduma ya kujaza naipa moja. Jeti za 75 na 100 bado ziko kwenye boksi lake. Fundi anasema zikitoka humo nimtafute mwingine wa kuzifunga, na mimi sina mpango huo. Mtungi kwa sasa ni mtupu. Nitaupitisha Dar nikienda kwenye harusi ya mdogo wangu.