Jimny kavu niliyoongezea vitu, na mahali Prado bado inanishinda

Watu wananiuliza sana, heri ununue gari kavu, yaani haina nyongeza, uongeze vitu polepole ama ujikaze uchukue ile imekuja na kila kitu. Mimi natibu ng'ombe, natoka Nakuru naingia Njoro, Mau Narok, hadi huko ndani Olenguruone, na mvua ya Aprili ikishika zile njia za mashambani zinateleza kama sabuni. Nilikuwa naangalia Suzuki Jimny 1.5 na Toyota Prado ya mtumba yenye difu loki (inafunga tairi ya kushoto na ya kulia zizunguke pamoja), nikachukua Jimny na siku haijafika ya kujuta.

Pesa ya kwanza weka kwa tairi. Jimny inakuja na 195/80R15, nikavalisha 215/75R15 za AT (za lami na tope pia), na usidanganywe eti hapo gari imepanda, piga hesabu utaona inainuka milimita 5 tu, faida yote iko kwa meno. Kwa tope napunguza upepo hadi kama 18 psi, tairi inalala inashika chini, nikifika lami najaza na kompresa ndogo. Hiyo kompresa imenisaidia kuliko kitu ingine yoyote nimenunua jameni. Springi nimeinua kidogo, sawa tu.

Bampa ya chuma na winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) nilikataa, fundi alinisukuma sana lakini injini ina farasi 102 pekee, ukiibebesha vyuma mbele mlima wa Mau utakuuliza maswali. Nabeba koleo na kamba nzuri.

Sasa kuna vitu huwezi kufunga na spana. Prado ina difu ya katikati, inayoacha tairi za mbele na za nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti, kwa hivyo inatembea 4x4 wakati wote, hata lami. Jimny ukiweka 4H (4x4 ya mwendo wa kawaida) tairi za mbele na nyuma zinazunguka kwa mwendo mmoja, kwa lami kavu ukikata kona unaumiza gia, kwa hivyo barabara ya Kericho ikiwa hapa imelowa pale imekauka mimi natembea na miguu miwili ya nyuma tu, na nikiwa na watoto hiyo hainifurahishi hata kidogo. Kama wewe safari zako ni hizo za familia, chukua Prado, hakuna duka litakuuzia hiyo difu.

Kwa Jimny yangu kitu kimebaki kufunga ni difu loki ya nyuma. Ile breki ya kompyuta inayoshika tairi inayozunguka bure inasaidia ukiwa 4L (4x4 ya gia nzito ya polepole), ila mguu mmoja ukiwa hewani bado unangoja ngoja. Natafuta fundi ambaye amefungua difu za Jimny kabla, sitaki ajifunzie kwa yangu.