Nimemsaidia dogo kutafuta uanagenzi wa digrii, mrejesho wangu
Jumapili nzima nimekaa na mdogo wangu kwenye ile tovuti ya serikali ya Uingereza ya kutafuta uanagenzi (yaani unaajiriwa huku unasoma), tukachagua levo ya 6 maana hapo ndo digrii ilipo, tukaweka postikodi yetu na maili 30 zikaja kazi kibao za kompyuta, uhandisi, hadi uuguzi. Bure, huhitaji wakala. Kila tangazo lina mshahara na tarehe ya mwisho. Mzee kauliza mara tatu "na ada analipa nani?" ikabidi nimweleze kuwa mwajiri na serikali ndo wanabeba, dogo hakopi hata senti na mshahara anakula, hii kitu ipo tangu 2015 sema wengi wetu tunajua chuo cha mkopo tu.

Kilichoniudhi ni kampuni moja (siitaji) ilifunga tangazo siku tisa kabla ya tarehe waliyoandika wenyewe, dogo yupo swali la tatu jamani!! Msisubiri dedilaini, aplaini mapema. Na nafasi ni za England, walio Scotland wana mpango wao.

Nyota 4, ya tano natoa dogo akiitwa intavyuu.