Mvinyo Mwekundu wa Mediterania: Chupa Ipi Ununue Kwanza

Kama unaishi Dar es Salaam, Mombasa au kokote ambako joto la nyumbani hufika nyuzi 30 mchana, ukiingia dukani uliza kwanza mvinyo ulikomazwa wapi na kwa muda gani. Mvinyo mwekundu wa maana hutaka kulala miaka kadhaa gizani, penye nyuzi kama 12 hadi 15, na wengi wetu hatuna chumba cha namna hiyo. Niliwahi kununua Bandol changa, mvinyo wa kusini mwa Ufaransa, nikaiweka juu ya kabati la jikoni kwa miaka miwili nikiamini inaiva. Siku ya kuifungua nilikuta kizibo kimejisukuma juu na mvinyo unanuka jamu iliyoungua. Joto lilikuwa limeupika. Tangu hapo nanunua chupa ambayo mtengenezaji mwenyewe ameshaikomaza, na orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

Inasaidia pia kujua kwa nini mvinyo wa pande za Mediterania huchanganywa. Kila aina ya mzabibu ina upungufu wake. Grenache, ambayo Wahispania huiita Garnacha, ina utamu wa matunda na kilevi kingi, lakini rangi yake ni hafifu na hewa huichosha upesi. Syrah huleta rangi nzito na harufu ya pilipili manga. Mourvèdre huleta ukakasi, ule unaokausha ulimi kana kwamba umetafuna bibo, na ndio unaoulinda mvinyo usizeeke kabla ya wakati. Carignan ina ugwadu, Cinsault ina ulaini na harufu nzuri. Ukishauonja mseto uliopimwa vizuri, utaona kila moja inaiziba nyingine pengo. Kisha pipa hufanya kazi yake: hewa hupenya kidogo kidogo kupitia mbao za mwaloni, chembe za ukakasi hushikana zikawa kubwa na laini mdomoni, na nyingine hutuama chini ya chupa kama mashapo.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni Rioja Reserva kutoka kaskazini mwa Hispania. Msingi wake ni Tempranillo, nayo Garnacha huongezea mwili, yaani uzito mdomoni, Graciano harufu na ugwadu, na Mazuelo, ambayo ndiyo Carignan hiyohiyo, huipa uhai. Kinachonifanya niiweke mbele ni sheria. Crianza, daraja lililo chini ya Reserva, lazima ikae miaka 2 kabla ya kuuzwa, mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa la lita 225. Reserva hukaa miaka 3, angalau mmoja pipani na miezi 6 ndani ya chupa. Gran Reserva hukaa miaka 5, angalau 2 pipani na 2 kwenye chupa. Huhitaji kumwamini muuzaji: geuza chupa uangalie muhuri wa nyuma. Mwekundu ni Crianza, wa rangi ya damu ya mzee ni Reserva, wa buluu ni Gran Reserva. Watengenezaji wa mtindo wa zamani hutumia mwaloni wa Marekani, ndiyo maana utasikia vanila na hata nazi kwenye glasi. Ukiinywa na mbuzi wa kuchoma aliyekolea chumvi, utaelewa kwa nini naisifu. Kwa matumizi ya kawaida Crianza inatosha kabisa. Gran Reserva ninunulie siku ya harusi.

Tahadhari moja hapa. Neno "Reserve" kwenye chupa ya Marekani au Australia halina sharti la kisheria la muda wa kukomaza. Usililipie.

Ya pili ni Château Musar ya Lebanoni, nyumba iliyoanzishwa na Gaston Hochar mwaka 1930. Zabibu zake hutoka Bonde la Bekaa, kwenye kimo cha mita 1,000 hivi, ambako usiku ni wa baridi hata jua likiwa kali mchana. Cinsault na Carignan huchanganywa na Cabernet Sauvignon, na mvinyo mkuu wa nyumba hiyo huachiwa sokoni mwaka wa saba baada ya mavuno. Miaka saba! Hakuna chupa nyingine kwenye orodha hii ambayo mtengenezaji ameivumilia hivyo. Waliendelea kutengeneza karibu kila mwaka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1976 ndio uliowashinda. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili tu: ni adimu madukani kwetu, na ina ukali fulani wa harufu ambao si kila mtu ataupenda mara ya kwanza.

Ya tatu ni michanganyiko ya Swartland, Afrika Kusini, ya Syrah, Grenache, Mourvèdre na Cinsault. Si Mediterania kijiografia, ila mizabibu ni ileile na hali ya hewa inafanana: mvua wakati wa baridi, kiangazi kikavu. Kwa anayenunua supermaketi ya Nairobi au Dar, hii ndiyo rahisi kuipata. Inywe ndani ya miezi michache tangu uinunue. (Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na natamani sana kuona mseto wa kwetu ukilazwa pipani kwa uvumilivu wa aina hii.)

Ya nne ni Gigondas, kusini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, iliyopata hadhi yake rasmi mwaka 1971. Grenache ndiyo kiongozi. Majirani zake wa Châteauneuf-du-Pape wana jina kubwa zaidi na kanuni maarufu inayoruhusu aina 13 za mizabibu, lakini sehemu kubwa ya bei unalipia jina hilo, na mara nyingi chupa huuzwa ikiwa bado changa. Pesa zikiwa ndogo, Côtes du Rhône Villages itakupa ladha ya upande huohuo.

Bandol inashika mkia, ingawa kwa ubora pengine ingekuwa juu kabisa. Sheria inataka angalau nusu iwe Mourvèdre na mvinyo ukae miezi 18 kwenye mbao, lakini baada ya hapo bado hutaka miaka mingi ya utulivu. Nunua kama una friji ya mvinyo. Priorat ya Catalonia naiweka papo hapo, kwa sababu hiyohiyo na kwa bei yake.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimechomoza, iache. Iache pia iliyosimama dirishani au chini ya taa kali. Omba ya stoo ambako kuna kiyoyozi. Nyumbani, simamisha chupa siku nzima ili mashapo yatulie, halafu itie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Hali ya joto la chumba wanayoisema Ulaya ni nyuzi 16 hadi 18, si la sebule ya Kariakoo mwezi wa pili.