Unga wa protini na mazoezi baada ya kiharusi: uzoefu wangu wa miezi minane

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kiharusi kilinikuta alfajiri natia udhu, kikalegeza upande wa kulia wote, pamoja na mkono wa mkasi. Moyo wangu ulikuwa ukipiga ovyo, bonge la damu likatoka huko likaenda kuziba mshipa wa ubongo. Ndiyo maana mpaka leo nameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na kupima INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kila mwezi. Hilo la warfarin nitalirudia.

Unga nilianza wiki ya tatu. Kopo la gramu 400 lilikuwa shilingi 65,000, halifikishi siku kumi. Ladha ya vanila, tamu kupita kiasi, lakini katika uji wa vuguvugu hauachi mabonge. Siku zile nilikuwa napaliwa hata na maji, wali siuthubutu. Nilipungua kilo sita, mke wangu akazibana suruali zangu kiunoni kwa cherehani yangu mwenyewe mimi nikitazama. Uji mzito ulipita kooni bila kunipalia, na vijiko viwili vya unga vilinipa protini nisiyoweza kuitafuna. Kwa wiki zile pesa yangu haikupotea.

Ila muuzaji alisema "unafufua neva". Binti yangu akanitafutia habari za utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 4,000, wengi wao hawana utapiamlo. Kuwaongezea lishe ya namna hii juu ya chakula cha hospitali hakukupunguza vifo wala ulemavu. Basi nilipoanza kutafuna nikahamia kwenye mayai mawili kwa siku (hapo una gramu 12 hivi za protini), kunde, na dagaa.

Muuzaji yule yule alinibandikia na vidonge vya multivitamini. Kipimo kilichofuata INR ilishuka hadi 1.4, na daktari wangu anaitaka kati ya 2 na 3. Akauliza nimebadili nini. Mimi kimya, mke wangu akatoa kichupa kwenye mkoba. Kumbe mna vitamini K, na warfarin inafanya kazi kwa kuizuia hiyo hiyo vitamini K! Nilikuwa nakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mchicha hakunikataza, alisema tu nisile mafungu matatu wiki hii na wiki ijayo nisiuguse.

Sasa mazoezi. Shilingi 15,000 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki. Kasoro zipo: foleni ndefu, na dakika 40 nilizoahidiwa mara nyingi zilikuwa 20. Siku ya kwanza msaidizi mmoja alinisimamisha kwa kuuvuta mkono uliolegea, bega likaniuma mwezi mzima. Mgonjwa wako mshike kiunoni, mkono uache.

Lakini fiziotherapisti mwenyewe, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, aliijua kazi. Aliniuliza nafanya kazi gani kabla hajanigusa. Kisha: "Baba, huo wa kushoto utie mfukoni." Nikachambua choroko punje moja moja kwa mkono wa kulia, nikabana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo, nikafunga na kufungua vifungo vya shati lililotandikwa mezani. Kwa miguu, kuinuka kitini na kuketi mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu akaniruhusu kukanyaga cherehani bila uzi, dakika tano tu, kifundo kizoee. Siku hiyo nililia, nikasingizia vumbi.

Kwake nilikuwa nakwenda siku mbili, zilizobaki nilifanya nyumbani, na wiki nilizozembea alizijua kwa kunitazama vidole tu, vilikuwa vimejikunja.

Leo nakunja pindo na kushona kanzu mshono wa moja kwa moja. Matundu ya vifungo bado namwachia mwanafunzi wangu, na kutunga uzi sindanoni kunachukua muda wa kunywa kahawa. Mazoezi nyota nne. Unga tatu, kwa asiyeweza kula tu. Vile vidonge sivipi hata moja.

Kopo la tatu liko kabatini, halijafunguliwa, na muda wake unaisha Desemba. Mwenye mgonjwa asiyekula, ambaye daktari wake amekubali, aje Ngamiani alichukue bure.