Elfu 40 kwa mwalimu wa chesi Ngamiani: ngwala ya nahodha Evans nimeijua, ila kuna kitu mwalimu hakutuambia

Kwanza mjue mi ni mtu wa drafti. Miaka 15 nakaa baraza la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, nasukuma vizibo vya soda, chesi nimeanza mwaka jana tu baada ya mdogo wangu kuniwekea Lichess kwenye simu (programu ya kuchezea chesi mtandaoni, ile ni bure kabisa na haina hata tangazo moja, bando lako tu) na nikawa nacheza kama mlinzi wa ghala, naweka askari hapa naweka askari pale, najifungia ndani mpaka nabanwa nakufa taratibu. Nikachoka. Ndo jamaa mmoja wa kazini bandarini akaniambia kuna mwalimu anafundisha watu kushambulia, nenda kule.

Mwalimu mwenyewe hana bango wala jina la biashara. Ana kibaraza, viti vya plastiki vichache, na mbao nne za chesi ambazo moja haina ngome nyeusi, wameweka betri ya redio badala yake. Jumamosi tano, unaingia baada ya alasiri unatoka karibu na magharibi, elfu 40 unalipa siku ya kwanza yote. Kahawa na kashata juu yako. Viti vikiisha unasimama au unakaa kwenye ngazi, siku ya pili nilikaa kwenye ngazi masaa mawili, mgongo ukanikumbusha umri.

Siku ya kwanza tumemwamkia, tumekaa, hata ubao hajaugusa akauliza nani hapa anacheza drafti. Karibu wote tukanyoosha mikono. Akasema haya wagosi, kwenye drafti mtu akikulisha kete unafanyaje? Nikadakia mi, mwalimu si nakula, kwani nina hiari? Akacheka. "Basi huku hakuna lazima. Huku mtu anakulisha na we unaweza kumwambia asante, nimeshiba. Hilo ndo litawatesa." Shikeni hayo maneno maana ntayarudia huko mbele, na kwa uchungu.

Afu akaeleza gambiti ni nini. Kumbe neno lenyewe limetoka kwa Wataliano, asili yake mguu, ni kumtega mtu mguu kwenye mieleka. Yaani ngwala! Hapo kila mtu akaelewa sekunde hiyo hiyo, maana hakuna aliyekulia Tanga asiyewahi kupigwa ngwala kwenye mchanga. Unajifanya unateleza, unampa kitu, akiinama kuokota unamwondoa miguu.

Hii anayofundisha yeye inaitwa Evans. (Herufi ni safu ya ubao kutoka kushoto kwa mweupe, namba ni mstari kuanzia upande wake.) Mweupe askari e4, mweusi e5. Farasi wako f3, wake c6. Askofu wako c4, wake c5. Mpaka hapo ni mchezo wa Kitaliano wa kawaida watu mnaamkiana tu. Hatua ya nne sasa, unamchukua askari wa b unamsukuma mpaka b4, mdomoni mwa askofu wake kabisa, na hana mtu wa kumlinda. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema huyo ndo waja leo waondoka leo, kibaraza kizima hoi, na tangu siku hiyo yule askari wa b4 jina lake Waja Leo, hata mwalimu anamwita hivyo. (Halafu Wahindi kwa lugha yao askofu wanamwita ngamia. Sasa ngamia anamla Waja Leo, Ngamiani. Nimekaa na hii wiki nzima sina wa kumwambia.)

Sehemu nliyoipenda kuliko zote ni pale alipotufanya tuhesabu faida, hakutaka tuamini tu. Kamla Waja Leo, sawa. Unasukuma c3, unamfukuza, anakimbilia a5. Hesabu: askofu wake huyo mmoja kashatembea mara tatu, farasi mwingine bado kalala, mfalme bado yuko katikati ya nyumba. We unapiga d4, katikati panafunguka, askofu wako wa c4 anamwangalia yule askari wa f7 ambaye mwanzo wa mchezo hana mlinzi zaidi ya mfalme mwenyewe, malkia wako akija b3 wanakuwa wawili wanaangalia sehemu moja. Na yule askofu mwingine akipata njia ya kwenda a3 anamulika mpaka f8, mfalme wake akitaka kwenda kujificha hawezi. Umetoa askari mmoja umenunua muda. Kwenye drafti tunalisha kimoja ili tule viwili papo hapo, huku unalisha kimoja halafu unakaa na deni, unatakiwa ulilipe kwa mashambulizi kabla jamaa hajaamka. Ukipoa umekwisha. Hii tofauti sijawahi kuisikia kwenye video yoyote, hata peke yake ilistahili elfu 10 katika ile 40.

Na hadithi anazo. Huyo Evans alikuwa nahodha wa meli, Mwelshi, hii ngwala aliibuni miaka ya 1820, na anatajwa pia kwenye habari za taa za rangi za meli ili vyombo visigongane usiku. Mi nikienda kazini sasa nikiona meli inaingia na taa zake nyekundu na kijani namkumbuka yeye. Tulichezewa ubaoni mechi ya Berlin ya mwaka 1852, Anderssen (mweupe) na Dufresne, imeanza na Evans hii hii, na mwisho wake mweupe anamtoa malkia sadaka hatua ya 21 huku mwenyewe kabakiza hatua moja auawe, anapiga cheki cheki cheki na maaskofu wawili, hatua ya 24 meti, mfalme hana pa kukimbilia. Kijana mmoja wa boda alisimama akaenda kuzunguka nje akarudi. Halafu ya Kasparov, bingwa wa dunia wakati huo, na Anand ambaye nae alikuja kuwa bingwa, Riga mwaka 1995, watu wote walishadhani Evans ni mambo ya kizamani ya babu zetu, Kasparov akaitoa kabatini, Anand akala akamrudisha askofu e7, hatua 25 biashara imeisha. Anand huyo huyo! Sasa mi wa Tanga nani nisiicheze.

Haya tuje kwenye malalamiko.

Jumamosi tatu kati ya tano tumekula raha tu. Meti nzuri, sadaka nzuri, makofi. Kila mpinzani kwenye ubao wa mwalimu ana njaa, anakula b4, anakula d4, anakula tena, anakufa. Nikatoka pale najiona simba. Jumapili yake nikaenda kwa rafiki yangu anayekaa Raskazone, ana binti wa form three anacheza, nikamwambia njoo nikufundishe kitu. e4, e5, farasi, askofu, b4 nikaipiga kwa mbwembwe ile ya kugonga kete kama drafti. Binti akaangalia. Akamrudisha askofu b6. Basi. Hakula. Akasema "anko, zamu yako." Mi nimeganda pale, jasho, sijui nifanye nini, maana kote tulikofundishwa anakula! Nimeshashiba asante, ile ile ya siku ya kwanza, na mtu aliyetuonya ndo huyo huyo hakutuonyesha tunafanyaje. Nikafungwa na mtoto wa watu mbele ya baba yake.

Baadae nimejisomea mwenyewe: akirudi b6 unasukuma a4, unatishia kumbana askofu wake na a5, kawaida anacheza a6 kumtafutia pa kupumulia, na mchezo unaendelea hujapoteza chochote. Dakika tano tu hizo. Mwalimu, dakika tano!

Na ya pili ndo mbaya zaidi. Emanuel Lasker, yule aliyekaa na ubingwa wa dunia toka 1894 mpaka 1921, ana dawa yake. Anakula Waja Leo vizuri, askofu a5, ukipiga d4 hamli huyo, anacheza d6, we ukimficha mfalme yeye anamrudisha askofu b6. Anachosema ni chukua askari wako mimi sitaki ugomvi. Ukiwa na tamaa kama mimi unakula e5, mnabadilishana malkia, unamla na yule wa pili, unahesabu mko sawa sawa, sita kwa sita. Ila angalia askari wako wa a na wa c, kila mmoja kivyake kama watoto wa wazee walioachana, na malkia wa kushambulia nae hayupo tena. Hii tulipewa dakika 10 Jumamosi ya mwisho wakati adhana inakaribia na watu wanaweka kete kwenye mfuko. Lichess nimeshaliwa hivi mara nne, sasa hivi badala ya kula e5 namtoa malkia b3 mapema, moto unabaki ubaoni.

Kingine, hakusema kwamba mara nyingi b4 yenyewe hutaifikia. Mechi 60 nlizocheza na nyeupe baada ya darasa, nimefika kwenye Evans 13 tu. Wengine wanaanza c5, wengine e6, wengine wanakuja vizuri mpaka hatua ya tatu afu badala ya askofu wanatoa farasi f6, na Waja Leo anabaki kwao hajasafiri. Hizo 13 lakini nimeshinda 9, na nyingine ziliisha kabla kahawa haijapoa, hilo siwezi kumnyima.

Nilimfuata nikamwambia yote haya, kwa heshima. Akanisikiliza, akasema "mgosi, mi nimekufundisha kupiga ngwala, we unataka na asiyeinama umwangushe?" Nikamwambia ndio mwalimu, nimelipa 40. Akacheka sana, akaniita Jumatano jioni bila malipo, tukakaa saa nzima na ya Lasker peke yake, yeye anashika nyeusi. Alinifunga mara tatu. Ya nne tulitoka sare na akanilipia kashata.

Kama we ni wa drafti na unataka kutoka kwenye kujilinda, nenda, hutajuta, huyu mzee anakufanya uache kuogopa kupoteza kete. Kama tayari unajua kushambulia na unataka kujua mpinzani mjanja atafanya nini, elfu 40 ni nyingi, labda umwombe kabla hujalipa kwamba Jumamosi moja nzima iwe ya wasiokula. Mi nampa 7 kati ya 10. Kundi jipya anaanza mwezi ujao, wahi kiti, na mkifika mwambieni anunue ile ngome nyeusi, betri imeanza kuvuja.