Kingston ya GB 8 ndani ya Dell OptiPlex 3050: tathmini ya RAM kutoka Luthuli

Kipande cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi, cha Kingston chenye alama ya KVR24N17S8/8, ambacho sasa kinafanya kazi ndani ya kompyuta yetu ya mezani nyumbani Buruburu, kimetimiza nilichokitarajia isipokuwa jambo moja, na hata jambo hilo si kosa lake. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenye mashine kama yangu, yaani kompyuta za ofisi zilizoletwa Nairobi kama mtumba, ambao wameanza kufikiri kwamba dawa ya uzito wake wa kufanya kazi ni kununua kompyuta nyingine.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 3050 ya umbo dogo, yenye prosesa ya Intel Core i5-7500. Prosesa hiyo ina viini vinne na bado ina nguvu za kutosha kwa kazi za nyumbani: hesabu za Excel, fomu za kodi na za huduma za serikali (iTax na eCitizen), barua pepe, na masomo ya watoto kwa njia ya video. Tatizo ni kwamba iliuzwa ikiwa na GB 4 tu za kumbukumbu. Windows 10 ikishawaka pamoja na programu yake ya kupambana na virusi, sehemu kubwa ya hizo GB 4 huwa imekwisha kuliwa; ukifungua Chrome yenye kurasa kadhaa na mtoto akaingia Google Meet, kipimo cha kumbukumbu katika Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha matumizi ya mashine, hupita asilimia 90 na kukaa hapo hapo. Kumbukumbu inapojaa kiasi hicho, Windows haisimami, bali huanza kuhamisha data kutoka kwenye RAM hadi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Diski ya kuzunguka, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta nyingi za mtumba, ni ya polepole mara nyingi mno kuliko RAM, na ndiyo sababu taa ya diski huwaka mfululizo huku kishale cha kipanya kikiganda. Mwenye kuona dalili hizo mbili kwa pamoja, yaani kumbukumbu iliyojaa na diski isiyopumzika, atafaidika na RAM. Ambaye kompyuta yake ni nzito huku kumbukumbu ikiwa imetumika nusu tu asipoteze fedha zake hapa.

Kabla ya kwenda mjini ni lazima ujue mashine yako inataka nini hasa. OptiPlex 3050 ya umbo hili ina sloti mbili, yaani nafasi za kupachika RAM, na inapokea RAM ya kizazi cha DDR4 hadi jumla ya GB 32. Ile ndogo kabisa ya jina hilo hilo, inayoitwa Micro, hutumia vipande vifupi vya kompyuta za mkononi, kwa hiyo jina la mashine peke yake halitoshi. DDR3 na DDR4 haziingiliani: DDR3 ya mezani ina pini 240 na hutumia volti 1.5, au 1.35 kwa aina ya DDR3L, ilhali DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2. DDR5 nayo ina pini 288, lakini mkato wake, ile pengo dogo kwenye ukingo wenye pini, uko mahali tofauti, na haiwezi kukaa katika sloti ya DDR4 hata ukiisukuma kwa hasira.

Alama ya Kingston husomeka kwa urahisi ukishaizoea. Tarakimu 24 ni kasi ya 2400, ambayo ndiyo kikomo cha i5-7500; N ni kipande cha kompyuta ya mezani, na kingekuwa cha kompyuta ya mkononi pangeandikwa S mahali hapo; 17 ni idadi ya mizunguko ya kusubiri; S8 inaonyesha mpangilio wa chipu; na 8 ya mwisho ni gigabaiti. Kununua kipande cha 3200 kwa mashine hii si hatari, kwa kuwa kitashuka chenyewe hadi 2400, lakini hutapata kasi ya ziada uliyoilipia.

Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya Nairobi, bado ndipo mahali pa kuanzia. Tangu barabara hiyo ilipopangwa upya mwaka 2019 na kupewa njia pana za waendao kwa miguu, mtu anaweza kutembea duka hadi duka akiuliza bei bila kukimbizwa na matatu, na huo peke yake ni msaada kwa mnunuzi asiyetaka kuharakishwa. Katika kibanda cha kwanza nilichoingia, ambacho sitakitaja, muuzaji aliniuliza, “Mama, mashine yako ni ya DDR ngapi?” na nilipomjibu alinipa kipande cha mtumba cha GB 16 kwa bei iliyonishangaza kwa udogo wake. Karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa na maandishi PC4-2400T-R. Hiyo R ndiyo ya kuangaliwa. Ni kumbukumbu ya seva: ina pini zile zile 288 na inaingia katika sloti vizuri kabisa, lakini OptiPlex haiwezi kuwaka nayo. Kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida ya mezani huandikwa U mahali hapo, na ya kompyuta ya mkononi huandikwa S. Sidhani kila muuzaji anayeitoa anakusudia kulaghai, kwa maana wengine hupokea shehena iliyochanganyika na kuuza kwa kuangalia urefu wa kipande tu. Hata hivyo hasara ni ya mnunuzi, hasa pale ambapo ukutani kuna kibao cha “bidhaa ikiuzwa hairudishwi”.

Duka lililoniuzia Kingston lilistahili sifa kwa sababu moja kubwa: fundi alikubali kukipachika kipande katika mashine yake ya majaribio mbele yangu, akaonyesha kwamba GB 8 zote zinasomeka kwa kasi ya 2400, kisha akaandika namba ya kipande katika risiti. Duka lisilokubali kufanya hivyo ni afadhali uliache, hata kama bei yake ni nafuu. Kwa maoni yangu, kipande cha mtumba cha Samsung au SK Hynix kilichopimwa mbele yako ni bora kuliko kipande kipya chenye jina ambalo hujawahi kulisikia popote, maana RAM haina sehemu inayosogea wala kuchakaa kama diski, na iliyofanya kazi miaka kadhaa bila hitilafu imekwisha kuthibitisha uzima wake.

Kazi ya kupachika ni ndogo. Unazima kompyuta, unachomoa waya wa umeme, unashika bati la kasha ili umeme tuli uondoke mwilini, unafungua vibano vya sloti, unalinganisha mkato, kisha unabonyeza pande zote mbili hadi vibano vifunge vyenyewe. Dell huonyesha ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika. Unakubali na kuendelea. Iwapo kitufe cha kuwashia kinamweka kwa rangi ya kaharabu na skrini ni nyeusi, aghalabu kipande hakijakaa sawasawa. Usiku ule niliiacha MemTest86 ikipima kumbukumbu yote kutoka kwenye flashi, na haikupata kosa hata moja.

Sikuiondoa ile GB 4 ya awali, kwa hiyo jumla ni GB 12. Wapo wanaoshikilia kwamba vipande lazima vilingane, na ushauri huo una ukweli nusu. Intel ina utaratibu ambao GB 4 za kila kipande hufanya kazi kwa pamoja katika njia mbili, data ikipita kwenye vipande vyote viwili kwa wakati mmoja, halafu GB 4 zinazosalia katika kipande kikubwa hutumia njia moja. Sehemu kubwa ya faida ya njia mbili inapatikana, na anayenufaika zaidi ni Intel HD Graphics 630, sehemu ya prosesa inayochora picha za skrini, kwani hana kumbukumbu yake mwenyewe na huazima ya kompyuta. Video ambazo zilikuwa zikikwamakwama sasa zinapita bila kusita. Excel, Chrome na Meet hukaa pamoja huku kipimo kikiwa karibu nusu, na ile taa ya diski imetulia.

Jambo lisilobadilika ni muda wa kuwaka. Kutoka kubonyeza kitufe hadi kuweza kufanya kazi bado ni muda wa kuchemsha chai, kwa sababu wakati huo kompyuta inasoma kutoka diski ya kuzunguka, na RAM haiwezi kuiharakisha. Aliye na fedha za kitu kimoja tu na tayari ana GB 8 aanze na SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Mwenye GB 4, kama nilivyokuwa mimi, aanze na RAM.

Kuhusu bei, sitataja shilingi kwa kuwa tarakimu ingechakaa haraka. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zimepanda, kwa kuwa watengenezaji wakuu watatu wa chipu, Samsung, SK Hynix na Micron, wanaelekeza uzalishaji katika vituo vya data vya akili unde. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kabisa kuuza bidhaa za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Kusubiri bei ishuke si mkakati ninaoweza kuupendekeza kwa mwenye GB 4.

Lipo pia suala la Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-7500, ikiwa ya kizazi cha saba, haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, hata ukiijaza GB 32. Ndiyo maana sikununua zaidi ya GB 8: mashine hii nitaihamishia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ambayo kwa GB 12 inapata nafasi ya kupumua zaidi kuliko inavyohitaji. Kingston hutoa dhamana ya maisha kwa kipande hiki, ila anayekupokea Nairobi ni muuzaji, kwa hiyo risiti yenye namba ya kipande na pakiti yake vinafaa kuwekwa pamoja na hati za kompyuta.